Bakuli za Shingo ya Baiskeli ya Baba

Kwa mila zetu sisi wa mlimani, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kaka zangu wawili waliponikumbusha jambo hili walinipongeza na kunishika mkono. Walichosahau kutaja, kwa haraka yao ya kurudi Dar es Salaam, ni kwamba nyumba inakuja na migomba, ng'ombe wawili, paa linalovuja upande wa jikoni, na baba. Na baba alikuja na baiskeli.

Baiskeli hiyo aliinunua kwa hela ya kahawa, enzi hizo kahawa ikiwa na hela, na aliitunza kuliko alivyotutunza sisi. Sisi tulioga Jumamosi, baiskeli ilifutwa kila siku. Jumapili aliipanda kwenda kanisani, koti mwilini, Biblia imefungwa kwenye keria kwa mpira. Wazee wa rika lake walikuwa wameshaacha baiskeli mmoja mmoja, na yeye alipowapita njiani wakitembea na fimbo zao aliwapigia kengele, makusudi kabisa.

Basi mwaka mmoja katika ile miaka ya tisini, kila kitu nchini kikiwa ruksa, baba akatumbukia kwenye mfongo. Mfongo ni mfereji wetu wa kumwagilia migomba, maji yake yanaishia magotini, lakini koti la Jumapili halijui kina. Alisema usukani ulikataa kukata kona. Kaka mkubwa, bingwa wa kuamua mambo akiwa mbali, akaandika barua: mzee akianguka tena, yeye akija Krismasi anaiuza hiyo baiskeli. Baba aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Tengeneza," akaniambia.

Nilinyanyua tairi la mbele nikageuza usukani. Kila ulipofika katikati ulinasa, ukawa hautaki kutoka hapo mpaka uulazimishe. Nikamwambia ugonjwa uko shingoni. Pale usukani unapoingia kwenye fremu kuna bakuli za chuma, za juu na za chini, na katikati yake gololi zinazozunguka. Zikichakaa ndiyo mambo hayo. Nikapendekeza tumwite fundi. Baba akanitazama kana kwamba nimependekeza tuhamie dhehebu jingine.

"Fundi atachukua gololi zangu nzuri aniwekee mbovu."

Gololi zake nzuri, ndizo hizo zilizompeleka majini na Biblia yake.

Nikaifungua mwenyewe, nje, karibu na zizi, baba akinisimamia kutoka kwenye kigoda. Nikatoa usukani, nikafungua nati ya juu, nikachomoa uma wa mbele. Gololi zikamwagika kwenye sufuria ya mama, jambo ambalo mama alikuwa na maoni yake juu yake. Bakuli zilikuwa zimeliwa kweli. Gololi zilikaa pale pale miaka yote mpaka kila moja ikajichimbia kishimo chake, na usukani ukielekea mbele, zote zilizama kwenye vishimo vyao na kutulia. Nikazigonga bakuli kwa kipande cha nondo zikatoka, nikaifunga moja kwenye gazeti iwe kipimo, nikashuka Moshi.

Zamani za uhaba ulikuwa unakwenda dukani, unaambiwa hakuna, unarudi kwako na amani yako. Sasa tulikuwa na soko huria. Kulikuwa na bakuli za Kihindi, za Kichina, na za nchi ambayo muuzaji mwenyewe hakuwa na uhakika nayo, na hakuna hata moja iliyolingana na kipimo changu. Nilizipata sokoni Kiboriloni, kwenye meza ya bwana mmoja aliyeuza pia sidiria za mitumba.

"Hizi orijino, bosi," akasema, akizipangusa vumbi kwa bidhaa yake nyingine. "Feki utazipata kwa yule mwenzangu pale."

Kesho yake nikazipigilia kwa nyundo juu ya kipande cha ubao, upande huu kidogo, upande ule kidogo, zisije zikaingia kombo. Nikapaka grisi, nikapanga gololi mpya. Baba alinishauri kuhusu nyundo, akanishauri kuhusu grisi, akanishauri hata namna ya kuchuchumaa. Nilikaza nati nikiwa nimekaza na meno.

Nilipomaliza nikaipanda mpaka kwenye kona ya mfongo na kurudi. Usukani ulikuwa laini, unausukuma kwa kidole unageuka. Sina haja ya kujidai, lakini nilijiona fundi mkuu wa Masama nzima. Nikamkabidhi mwenyewe.

Alikwenda hatua kama ishirini. Baiskeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia, akaweka mguu chini.

"Umeiharibu," akasema. "Inacheza."

"Haichezi, baba. Nimetoka kuipanda sasa hivi."

"Nakwambia inacheza."

Hasira zilinipanda. Kutwa nzima nimechuchumaa kwenye mavi ya ng'ombe halafu naambiwa inacheza. Nikamfuata na spana mkononi nimwonyeshe. Alikuwa amesimama, mguu huku na huku, ameshika usukani kwa mikono miwili. Nikaangalia tairi la mbele. Baiskeli ilikuwa haiendi popote, na tairi lilikuwa linatikisika. Nikapandisha macho kwenye uma, kwenye usukani, nikafika kwenye mikono yake.

Zile bakuli mbovu, sijui kwa miaka mingapi, ndizo zilizokuwa zikimshikia usukani. Kile kishimo cha katikati kilikuwa kinatuliza mikono yake, na mimi na ufundi wangu nimekitoa nikaweka kitu kinachogeuka kwa kidole. Roho iliniuma. Baba naye alikuwa anaitazama mikono yake. Akaitoa taratibu kwenye usukani, akaitia kwenye mifuko ya koti.

"Ni bakuli, baba," nikasema. "Yule bwana wa Kiboriloni kaniuzia feki."

Bwana wa Kiboriloni anisamehe. Ndiye mfanyabiashara pekee wa miaka ile aliyeniuzia kitu orijino.

"Nilijua," baba akasema. "Siku hizi kila kitu feki. Isukume ndani tusubiri nzima."

Krismasi kaka mkubwa akafika, akaiona baiskeli imeegemezwa ukutani, akauliza kama mzee ameacha.

"Sijaacha," baba akajibu, kikombe cha chai amekishika kwa mikono miwili. "Nasubiri bakuli za shingo. Mdogo wako anazitafuta."

Kaka akanigeukia. Akataka kujua kitu kidogo vile kimenishindaje, na Moshi imejaa maduka. Akasema yeye atazinunua Dar.

Na kweli alizituma, Pasaka, ndani ya boksi lake, mpya kabisa. Baba alinipa mimi nilifungue. Akachukua bakuli moja akaiweka kiganjani, ikawa inagonga pete yake ya ndoa, tik tik tik, hainyamazi. Aliitazama muda mrefu.

"Feki," akasema, akanirudishia.

Nikamwambia hata mimi nimeona.