Mate ya Mzee Lemein

Kisemei aliingia ukumbini akiwa mzima, na alipotoka alikuwa ameshazikwa.

Ilikuwa Jumatano mchana, Kitengela, katika ukumbi wa sinema ulio juu ya duka la nguo. Picha yenyewe ilikuwa ya maisha ya Tajeu, yule mwimbaji wa Kisaju ambaye pombe ilimmaliza miaka ishirini na minane iliyopita. Katika bendi ya Tajeu, Kisemei ndiye aliyepiga ngoma. Alisoma mpaka darasa la nne, akachunga, akapiga ngoma miaka kumi na mmoja, kisha akarudi kwa mbuzi wake, na siku hizi kazi yake kubwa ni kutembea. Dinah, mtangazaji wa redio ya pale mjini, ndiye aliyemwalika. Alimwomba aitazame, halafu Ijumaa aje awaambie wasikilizaji kama ni nzuri na kama ni ya kweli. Kisemei akaona hiyo ni kazi ndogo.

Basi katikati ya picha, mpiga ngoma, kijana mwenye nywele za rasta, akagongwa na lori barabara ya Namanga. Wakamzika. Mama aliyeketi karibu na Kisemei alifuta machozi. Kisemei alitaka kumwambia apoe, hakuna mtu aliyekufa, lakini akaona haya, akaendelea kula bisi huku akimwagiwa udongo.

Hilo aliliacha lipite. Lililomsumbua lilikuja baadaye. Tajeu anafika nyumbani kumuaga baba yake, Mzee Lemein, na mzee anatoka na kumtemea mate usoni. Tajeu anajipangusa kwa mkono wa shati jeupe, anaondoka, na kuanzia hapo ni chupa baada ya chupa. Ukumbi mzima ulimlaani yule mzee.

Siku ile Kisemei alikuwepo. Alijua, kama ajuavyo Mmaasai yeyote, kwamba mzee akimtemea mtoto wake mate kwenye paji la uso anambariki. Alijua pia kwamba kwao mtoto hapangusi, huyaacha yakauke. Akipangusa, amekataa. Sasa Tajeu alipangusa ama hakupangusa? Kisemei alitembea mpaka Kisaju akijiuliza, na kila akimtafuta rafiki yake alimkuta yule wa kwenye picha, na shati lake jeupe. Tajeu hakuwahi kuwa na shati jeupe.

Alhamisi akajiwa na Kakenya, binti wa Tajeu. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka miwili, akalelewa Kitengela na mama yake, Nyaguthii, na Kimaasai chake ni cha salamu tu. Harusi yake ilikuwa wiki ijayo. Mzee Lemein, ambaye bado yuko hai na haoni vizuri, alikuwa ametuma ujumbe kwamba binti aje abarikiwe. Lakini Kakenya alikuwa ameitazama ile picha mara tatu, na alikuwa amekataa kwenda.

"Mzee, mimi niko na swali moja tu," alisema. "Guka Lemein alimlaani baba yangu?"

Kisemei alifungua mdomo, na lile shati likaja. Akasema hajui.

"Kwani ulikuwa hapo ama hukuwa?"

"Nilikuwa, entito ai, binti yangu. Lakini hata kwa picha nilikuwa, na nikakufa."

Kakenya alicheka bila kupenda. Halafu akaacha kucheka, akaondoka bila kunywa chai.

Ijumaa asubuhi Kisemei akawekwa mbele ya kipaza sauti. Alisema nyimbo ni nzuri. Mbuzi walikuwa wanono mno kwa mwaka ule wa kiangazi. Vidole vya yule aliyeigiza Tajeu, alisema, havijui waya za gitaa. Dinah akamwuliza kama hadithi ni ya kweli.

"Mimi nilikufa katikati," Kisemei akajibu. "Ya mbele siwezi kuyasimamia."

Dinah alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza juu ya mate. Kisemei aliitazama mikono yake juu ya meza. Ya Tajeu haikuonekana kabisa, kwa hiyo akaitafuta ya kwake: siku ile ilikuwa imeshika nini? Ndipo uzito ukamrudia vidoleni. Spika. Lile spika kubwa la mbao, wakilipeleka kwenye pikapu, Tajeu mbele akienda kinyumenyume, yeye nyuma. Katika picha hakukuwa na spika.

"Hakupangusa," alisema taratibu. "Mikono yake ilikuwa kwa spika. Angeliachilia lingeniangukia miguu, na miguu yangu iko."

"Kwa hivyo alibarikiwa?"

"Maneno ya mzee sikuyasikia. Pikapu ilikuwa inanguruma. Nasema tu hakupangusa."

"Basi kwa nini alikunywa hivyo?"

"Hata mimi nauliza," Kisemei akasema.

Mchana huo Kakenya, aliyekuwa ameisikiliza redio, alishuka Kisaju kwa babu yake akiwa na mfuko wa sukari na majani ya chai, ameukumbatia kwa mikono miwili. Kisemei alikuwa langoni. Mzee Lemein alimpapasa binti kichwani mpaka akapata paji la uso, akamtemea mate, akaanza kusema, akasema sana. Kakenya akamgeukia Kisemei ili amwambie maana yake. Lakini masikio ya Kisemei yaliharibiwa na ngoma zamani, na upepo ulikuwa unavuma. Alipata neno hapa na neno pale, ng'ombe, mvua, jina la Tajeu.

"Amesema mengi," alimwambia.

Kakenya hakuuweka mfuko chini. Alisimama nao vile vile mpaka paji la uso likakauka.

Kisemei akashika njia yake, akijaribu kukumbuka kama lile spika lilikuwa jeusi au lilikuwa na rangi ya mbao yenyewe. Akiliona jeusi, mbao inarudi. Akiiona mbao, jeusi linarudi. Alifika kwa mbuzi wake bado hajajua.