Viraka Visivyofuliwa

Siku tulipoanua tanga la mke wangu, nguo zake ziligawiwa kama desturi inavyotaka. Dada zake walichukua vitenge, dada zangu wakachukua magauni ya kanisani, na shangazi mmoja akaondoka na viatu visivyomtosha. Sikuwa na neno. Mwanamume anayeng'ang'ania gauni la mkewe angechekwa Marangu nzima. Kabati likabaki na henga tupu, na mimi nikabaki na ng'ombe.

Kilichosalia ni kiroba cha matambara nyuma ya mlango wa stoo: kanga zilizochanika, gauni alilovaa akikamua, mashuka yaliyochakaa. Nani angeyataka? Nilipokifungua, alitoka yeye mwenyewe. Moshi wa jikoni, maziwa, na mafuta ya mgando aliyojipaka mikononi. Nilikaa palepale sakafuni nikalia kama mtoto, na sioni haya kusema.

Ndipo nikapata wazo la blanketi la viraka. Nilikuwa nimewahi kuliona la namna hiyo kwenye nyumba moja ya wageni, enzi zangu za upagazi wa mlimani, nikashangaa watu wenye fedha wanajifunika viraka. Sasa nililitaka la kwangu. Nilitaka kulala chini ya harufu ile, basi.

Nikashuka sokoni kwa fundi cherehani, mwanamke wa rika la binti zangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nifundishe kuunga viraka."

"Wewe mwenyewe?"

"Nimebeba mizigo ya watu mpaka Kibo, sindano itanishinda?"

Alicheka, akanifundisha bila kunidharau. Akakata boksi la sabuni likawa mraba wa kupimia. Kila kipande kiachiwe ukingo wa kukunjia mshono. Piga bandi kwanza, ule mshono wa muda wa kushikiza, kisha shona safu moja, kisha safu kwa safu, na ndani utie blanketi kuukuu ili lipate joto.

"Ila kabla ya yote, fua kila kipande," akasema. "Kanga nyingine zinachuja rangi, vitambaa vingine vinasinyaa. Usipovifua sasa, siku ukilifua utalia."

"Sawa, mwanangu," nikajibu. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilirudi nyumbani nikaanza kukata vitambaa vikiwa hivyohivyo, bila kufuliwa.

Sindano ilinishinda, tena vibaya. Nilijichoma mpaka nikakosa kidole cha kushikia kikombe. Miraba yangu haikukutana pembe; safu moja ilipanda kama njia ya kwenda kambi ya Mandara kule mlimani. Siku nyingine nilishona kiraka kwenye suruali niliyovaa, nikageuka kumwonyesha mke wangu acheke, nikakuta kiti kitupu. Hapo nilitupa kazi yote chini nikatoka kwenda kuwatukana ng'ombe na migomba. Jioni nilipika mtori sufuria nzima, kwa sababu sijui kupika wa mtu mmoja.

Lakini blanketi lilikua. Harufu ilikuwa ikipungua kadiri miezi ilivyopita, nililijua hilo, ila pale kitambaa kilipokunjwa ndani ya mishono ilibaki imejificha. Kila nilipoinama kushona niliipata, nikapumzika kidogo, nikaendelea. Baridi ya Julai ilinikuta nimefika nusu. Desemba nikalimaliza.

Krismasi watoto walipanda kutoka mjini kama Wachaga wote. Kijana wangu alikuja na mkewe, Krismasi yake ya kwanza kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, na mkamwana mgeni hutazamwa na majirani wote: ameamka saa ngapi, amefagia wapi, amefua nini. Binti wa watu alijituma. Nilitoka na kijana wangu kwenda kukata majani ya ng'ombe, blanketi nikaliacha kwenye kiti cha barazani. Tuliporudi lilikuwa kwenye kamba, linachuruzika. Wekundu wa kanga ulikuwa umeingia kwenye mashuka, na upande mmoja ulikuwa umejikunja.

"Baba, lilikuwa linanuka moshi," akasema mkamwana, mikono yake ina mapovu bado. "Samahani, rangi imechuja kidogo."

Ningemwambia nini? Baba mkwe na mkamwana wana heshima yao. Kitanda changu na mke wangu si mazungumzo yetu. Na alikuwa amefanya lile ambalo kila mama hapa humfundisha bintiye afanye. Nikamshukuru mbele ya watu, kwa sauti, majirani wasikie.

Lilipokauka nilikaa nalo barazani. Nikalipandisha usoni. Sabuni na jua. Nikajaribu kwenye mishono, mmoja baada ya mwingine, nikiifunua kwa kucha, mpaka mkamwana akaja kusimama karibu, ana wasiwasi.

"Baba, kuna doa limebaki?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Hamna hata moja."