Jibini ya Mfaransa ilivyotaka kumfukuzisha mama mwenye nyumba wangu kijijini, Kahama, miaka ya themanini

Wakuu, heshima kwenu nyote, wakubwa shikamooni.

Asubuhi hii nimepitia uzi mmoja humu, mtu kapanga jibini za dunia nzima na jinsi kila taifa linavyoila. Chini yake mdau akakomenti kwamba sisi wa Kanda ya Ziwa jibini tumeijua juzi kupitia pizza.

Nimecheka mpaka mke wangu akauliza kulikoni.

Mimi nimeshuhudia kijiji kizima kikila jibini za nchi nne kwenye mkutano wa hadhara. Na kabla ya kuila, ilibaki kidogo wamfukuze mtu kwa ajili yake. Siongezi chumvi, naiweka kama ilivyotokea.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Sukari hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya taa ya kubahatisha.

Nilikuwa kijana, mpishi wa wazungu wapima miamba. Kambi yao ilikuwa pembeni ya kijiji kimoja, njia ya kutoka Kahama kwenda Isaka. Wakizunguka kugonga mawe, kuanzia Buzwagi mpaka Geita huko.

Walikuwa wanne, na kila mmoja na jibini ya kwao. Ziliwafikia kwa treni, nazifuata Isaka zikiwa kwenye kreti.

Mtaliano yake ngumu kama tofali, anaikwangua juu ya makaroni.

Mswisi yake ina matundu. Anaiyeyusha kwenye sufuria, wenzake wanakaa kuizunguka na kuchovya mkate, kama sisi na bakuli la mlenda.

Mnorwe yake rangi ya kahawia, tamu, unaweza kuapa ni sukari guru. Anaikata vipande vyembamba kama karatasi.

Na Mfaransa. Wakuu, ya Mfaransa ilikuwa laini, na ilinuka. Ukifungua boksi nzi wanakuja, wakifika wanasita.

Sasa siku moja wakaondoka kwenda Geita kwa muda mrefu. Friji letu lilikuwa la mafuta ya taa, na mafuta yakaisha. Bosi wao, yule Mswisi, aliniachia neno moja: jibini isipate joto.

Nilikuwa nimepanga kwa mjane mmoja, Mama Kabula. Mtu mpole, anaishi peke yake, bintiye Kabula ameolewa Buseresere. Nyumba yake ya udongo ilikuwa na chumba kimoja cha nyuma, giza na baridi muda wote. Nikamwomba.

"Weka tu baba," akasema. "Chakula hakikataliwi nafasi."

Nikaweka kreti. Nami nikaenda Isaka kuhangaikia mafuta.

Huko nikakwama. Mafuta yanakuja kesho, kesho ikifika wanasema kesho.

Huku nyuma mambo mawili yakatokea kwa pamoja. La kwanza, jibini ya Mfaransa iliamka. La pili, fundi baiskeli wa kijiji, Shija, akatoweka bila kuaga mtu.

Mnaona stori inakoelekea.

Narudi saa za mchana, nakuta umati uwanjani kwa Mama Kabula. Filimbi zinalia, watu na pinde zao. Mlango umeng'olewa. Mama Kabula kakalishwa chini, kitenge kimejaa vumbi, haongei. Kreti imetolewa nje kwa vijiti virefu.

Tusichukulie poa. Enzi zile na sehemu zile, mama mjane akishasemwa uchawi, kufukuzwa ndiyo nafuu yake.

Mkuu wa walinzi wa kijiji, Mzee Ng'wandu, akaniita mbele.

"Mpishi. Shija haonekani, na kwa huyu mayu, huyu mama, tumekuta halufu ya mtu. Unasemaje?"

"Shikamoo mzee. Hiyo siyo maiti, ni maziwa."

"Maziwa ya nini?"

"Ya ng'ombe."

"Hapa kila mtu ana ng'ombe. Maziwa hayanuki hivyo."

"Yameachwa makusudi, mzee. Ili yafike hapo."

"Makusudi?" Akawageukia watu. "Na nani?"

"Na Mfaransa."

Mzee akaniuliza taratibu, kama anayemhurumia mtu: "Huyo Mfaransa, ndugu zake wanajua?"

Nikaona maneno hayatasaidia. Nikachukua kisu, nikakata kipande cha ile laini, nikala mbele yao wote.

Mama mmoja akapiga kelele: "Si mnaona? Amezoea!"

Nikawa nimeharibu zaidi. Sasa washitakiwa tumekuwa wawili.

Hapo hapo, huku mjadala umepamba moto, Shija akatokea.

Ndiyo, Shija mwenyewe. Anasukuma baiskeli, matairi kayafunga kwenye keria, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa Buseresere kutafuta spoku na matairi. Akasimama nyuma ya watu, nikamsikia anamuuliza jirani yake, "Kuna nini?"

"Umekufa," yule jirani akamjibu bila kugeuka.

"Mimi? Lini?"

"Nyamaza bwana, tunasikiliza."

Ikabidi apite mbele. "Mzee Ng'wandu, shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba. Shija, kaa chini, shauri lako halijaisha."

Nilidhani tumepona. Wapi! Mtu mmoja akasimama akasema, kama Shija yupo, basi maiti ni ya mwingine. Watu wakaanza kuangaliana kuona nani hayupo. Ikagundulika Maduhu hayupo, mke wake akaanza kulia. Maduhu akatokea vichakani anafunga mkanda, alikuwa amekwenda kukojoa.

Mwishowe Mzee Ng'wandu akaamua kwamba, kwa kuwa jambo linamhusu Shija, Shija ndiye aonje.

Shija akanawa mikono. Akachukua kipande, akafumba macho, akatafuna. Uwanja mzima unamwangalia mdomoni.

Akameza.

"Huyu si mimi," akasema. Kisha akafikiri kidogo. "Ila leteni ugali."

Wakuu, hapo ndipo kesi iligeuka karamu.

Ile laini ikaliwa na ugali wa moto, watu wamebana pua kwa mkono wa kushoto. Bibi mmoja akasema ni samli nzuri, akajipaka kwenye visigino.

Ya Mswisi wakaigomea, wakisema panya wameshapita humo. Nikaiyeyusha kwenye sufuria, matundu yakapotea, wakachovya viazi vikavu, matobolwa, mpaka sufuria ikalambwa.

Ya Mtaliano, Mzee Ng'wandu alijaribu kunolea kisu. Ilipogoma wakaibanika kwenye makaa, wakaila kama nyama.

Na ya Mnorwe? Ilienda kwenye chai yote. Watu hawakuwa wameonja chai tamu kwa muda. Mzee mmoja alikunywa, akatulia, akauliza huko Norwe ng'ombe wanalishwa nini.

Jioni ilipoanza kuingia kreti ilikuwa tupu. Watu wakafuta midomo, wakasema wabeja, asante, wakaondoka wanacheka.

Ndipo nikamwona Mama Kabula. Alikuwa bado amekaa palepale walipomkalisha. Hakuonja. Hakuna aliyemkaribisha, na hakuna aliyemwambia pole. Walimpita kama kinu kilichosahauliwa uwanjani.

Nilimwinua, tukauegesha mlango, tukaufunga kwa kamba.

Wazungu waliporudi niliwaeleza yote kama yalivyo. Bosi aliguna tu. Mfaransa yeye akataka kujua walipenda ipi zaidi. Nikamwambia ukweli, ile ya Mnorwe. Alinuna wiki nzima, na Mnorwe akawa anaimba akioga.

Mama Kabula akaendelea na ukimya wake. Kisimani wanawake wanamsalimia kama kawaida, kama hakuna kilichotokea. Naye anaitikia, anateka maji, anarudi ndani.

Siku moja tuko uani tunapukuchua mahindi, Shija akaja na nyundo na bawaba mpya. Hakuulizwa. Akang'oa kamba, akautengeneza mlango, akajaribu kuufungua na kuufunga. Ukakaa sawa.

Kisha akaja akachuchumaa mbele ya mama.

"Mayu, naomba unisamehe," akasema. "Nilikufa bila kukuaga."

Mama Kabula akamtazama. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mahindi yakamwagika, Shija naye kachuchumaa vilevile hajui asimame au abaki.

"Karibu chai," akamwambia. "Sukari hakuna."

Funzo nililolipata: umati ukikosea hutawanyika, kila mtu akidhani pole imeshatolewa na mwenzake. Nenda mwenyewe, hata kama kosa si lako.

Haya wakuu, uwanja wenu. Mliokulia karibu na kambi za wazungu, mlilishwa nini na mlikila na nini? Na kama kwenu kuna mtu aliwahi kusingiziwa, mlimwendea au mlikaa kimya? Nasoma zote.