Mhasi wa Farasi Aogopa Kisu

Saa moja asubuhi, Lebusa Motanyane amepiga goti kwenye nyasi zenye umande wa baridi, mbele yake dume la farasi limelazwa na kufungwa kamba. Kisu kimeshanolewa. Hakati. Anamgeukia mwenye farasi.

"Umefikiri vizuri?"

"Si uliniuliza wiki jana, Ntate, mzee wangu?"

"Nakuuliza tena."

"Kata, bwana. Ananivunjia zizi."

Ndipo anakata.

Zamani Lebusa, ambaye sasa ana miaka sitini na sita, hakuwa na maswali. Amehasi farasi wa milima hii ya Semonkong, Lesotho, miaka thelathini na tisa, maloti mia mbili kwa kila mmoja, na mkono wake ni mwepesi.

Mwezi Machi mwaka jana aliambiwa hospitalini kuwa ana saratani ya tezi dume. Ilikuwa ndogo, haijatoka nje ya tezi. Tiba zipo, achague. Yeye alisikia neno "kukata" tu, mengine yakampita. Alirudi nyumbani, mwendo wa saa sita juu ya tandiko, akijiona ameshahasiwa.

Kilabuni wenzake hawakumwonea huruma.

"Zamu yako imefika," alisema jirani yake, Setumo. "Tukushike miguu, au utalala mwenyewe?"

Lebusa alicheka nao. Kisha hospitali hakukanyaga mwezi mzima.

Mkewe, 'Mathakane, ndiye aliyetandika farasi wawili. "Nilimwambia, mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na kipande," anasema huku akisonga papa, ugali wa mahindi wa huku, jikoni. "Panda twende."

Hospitalini, ni yeye pia aliyeuliza. "Daktari, akitoka hapa atakuwa dume au maksai?"

Daktari, mwanamke wa umri wa binti yao, alicheka mpaka akavua miwani. Akaeleza taratibu. Upasuaji huondoa tezi, korodani hubaki. Lakini mkojo unaweza kuvuja kwa muda, nguvu za kiume zinaweza kupungua, na asipande farasi kwa miezi kadhaa. Mionzi ni Bloemfontein, Afrika Kusini, siku tano kwa wiki, kama wiki saba, nayo ina madhara yake. Na kwa kuwa uvimbe wake unakua polepole, anaweza pia kuuacha huku ukifuatiliwa: damu kila miezi sita, na mwakani kinyama kikatwe tena kipimwe. Ukibadilika, utibiwe.

"Hakuna haraka, Ntate," alimwambia. "Nenda kafikiri wiki mbili."

Alifikiri. Akachagua kufuatilia.

"Ukikosa kipimo kimoja," alisema 'Mathakane, "Bloemfontein nitakupeleka mwenyewe, kwa kamba."

Hajakosa. Vipimo viwili vya damu vimetoka, uvimbe haujasogea, na Lebusa bado anapanda farasi kila siku.

Kipimo kinachofuata, cha kinyama, ni mwezi ujao, na safari hii watatandika farasi watatu. Setumo amemjia kimya kimya: usiku anaamka mara nne kukojoa, na anataka kumwona yule daktari.

"Nimemwambia asiogope," anasema Lebusa, akipangusa kisu chake. "Nitamshika miguu."