Mama Yangu Alisema Amekula

Nitaanza na kosa langu, kwa sababu siwapendi watu wanaosimulia makosa ya ofisi kana kwamba wao walikuwa wamesimama dirishani tu wakitazama. Programu iliyosema kijiji chetu kimeshiba niliiandika mimi. Niliiandika nikiwa fildi, yaani mafunzo ya kazini, Iringa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya data, katika shirika dogo la misaada lililopanga vyumba vitatu mtaa wa Mlandege, juu ya duka la pembejeo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga milima ya Mbeya na baadhi ya vijiji vya Iringa, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na viazi vikaozea ardhini. Shirika lilikuwa na mahindi ya kugawa, ila hayakutosha vijiji vyote. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi wakiuliza: jana mlikula mara ngapi, wiki hii mlikula nyama siku ngapi, kuna siku mlilala bila kula? Majibu yakaletwa kwetu. Mimi nikayasafisha, nikaandika programu ya kukipa kila kijiji alama ya njaa, na kompyuta ikavipanga kuanzia chenye shida kubwa mpaka kisicho na shida. Vya juu vingepata mahindi. Vya chini vingeombewa heri.

Nilijivunia ile programu, acha niseme ukweli. Nilimwonyesha mwenzangu wa fildi, binti wa Kihehe kutoka Kalenga ambaye si mwepesi wa kusifia, naye akasema, "Kumbe una akili," kwa sauti ya mtu aliyekuwa na mashaka siku zote.

Kisha nikafungua ramani. Vijiji vyenye njaa vilikuwa vyekundu, vilivyoshiba vilikuwa kijani. Kule milimani juu ya Mbeya mjini, nilikozaliwa, kijiji chetu kilikuwa kijani kuliko vyote. Kwenye orodha kilikuwa cha mwisho kabisa. Kwanza nilicheka. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimepita nyumbani, nikamkuta mama anachemsha viazi vile vidogo ambavyo miaka yote tulikuwa tunawapa nguruwe. Nguruwe wenyewe walikuwa wameshauzwa.

Majina ya watu yalikuwa yamefutwa kwenye data, kama inavyotakiwa. Nukta za ramani, moja kwa kila nyumba, hazikufutwa. Najua haikuwa halali, lakini nilivuta ile ramani mpaka nikaliona bati la kanisa, nikahesabu mpaka nyumba ya mama, ya tatu kutoka kanisani, nikafungua majibu yake. Mjane, miaka sitini na kitu, anaishi na mjukuu mmoja. Jana alikula mara tatu. Wiki hii alikula nyama siku mbili. Hajalala bila kula hata siku moja. Kwenye sehemu ya maoni mdadisi alikuwa ameandika: mwenyeji mkarimu, ametukaribisha chai na viazi.

Nikatoka nje kwenye ngazi, nikampigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Mama, wale watu wa vishikwambi waliokuja huko. Uliwaambia umekula nyama siku mbili?"

"Umejuaje?"

"Mama."

"Sasa ulitaka nimwambie nini? Mtu katoka huko mbali, kakaa kwenye kiti cha marehemu baba yako, simjui kwao wala ukoo wake, halafu ananiuliza kama nimelala njaa. Wewe ungemjibu?"

Nisingemjibu. Hapo ndipo hasira ziliponipanda, maana nilijua kijiji kizima kimejibu vilevile. Kwetu mgeni ni mgeni hata akija na dodoso. Humwambii kwamba huna. Unakwenda kuazima kwa jirani, unampikia, na akikuuliza mbona huli unamwambia sisi tumeshatangulia, kula tu. Nyumba zote zilikuwa zimefanya hivyo. Wadadisi walikula viazi ambavyo watu walikuwa wameviweka kwa ajili ya mbegu, wakaandika kwamba chakula kipo. Na mimi nikaichukua adabu ya mama zangu, nikaipa alama, nikaiita shibe.

Wapo wasomi walioniambia baadaye kwamba basi kosa ni la wanakijiji, wangesema ukweli wangepata mahindi. Ninawajibu hivi: nendeni nyinyi. Kaeni sebuleni kwenu na watoto wenu wanasikiliza, aje kijana msiyemjua, awaulize kama mmeshindwa kulisha nyumba zenu, na mumjibu huku anabonyeza kioo bila kuwatazama. Mkimaliza mje tuongee kuhusu ukweli.

Kikao kilikuwa Ijumaa asubuhi. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa makamo kutoka Dar. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka, na orodha ilitakiwa kwa wafadhili Jumatatu. Nikaomba kijiji kile kirudiwe.

"Ushahidi uko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nao. Mwishoni kabisa mwa dodoso kulikuwa na swali la kilimo: mbegu ya msimu ujao mnayo? Kwenye swali hilo karibu kijiji kizima kilijibu hakina. Watu waliosema wanakula mara tatu kwa siku hawakuwa na mbegu hata kopo moja. Kuhusu tumbo walimficha mgeni. Kuhusu shamba hawakuona haya, maana mvua ya mawe haimwaibishi mtu. Nikalieleza hilo huku nikionyesha safu mbili za majibu ukutani.

"Siku hizi wengi wananunua mbegu dukani," msimamizi akasema. Kisha akatabasamu. "Dada, kwenu si ni kulekule? Hapa kila mtu angependa kwao kuwe kwekundu."

Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonisimamisha.

"Ndiyo, ni kwetu," nikasema. "Na mama yangu ana njaa."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mtu wa kwetu akisema maneno hayo mbele ya watu. Hata mwaka alipofariki baba hatukuyasema. Nilihisi kama nimemtoa mama jikoni kwake na kumsimamisha katikati ya kile chumba, lakini nilikuwa nimeshaanza na sikuwa na mpango wa kurudi nyuma.

"Alimwambia mdadisi wenu amekula mara tatu. Amemdanganya. Mama yangu anakula viazi vya nguruwe. Hii orodha nimeitengeneza mimi, na mimi ninasema ni ya uongo. Mkitaka kunifukuza nifukuzeni, ila jina langu lisiende nayo."

Machozi yalikuwa karibu. Siyaonei aibu. Mwenzangu wa Kalenga, ambaye alikuwa ameinamia daftari, akasema bila kuinua kichwa, "Hata kwetu hatusemi, bosi."

Msimamizi akatupa Jumamosi na Jumapili, na gari la ofisi. "Lakini wewe huulizi hata swali moja," akaniambia. "Kule wewe ni ndugu wa kila mtu. Atauliza mwenzako." Ilikuwa haki, nikakubali.

Nikampigia mama kumwambia tunakuja, na nikamwambia na sababu, kwa kuwa sikutaka aisikie kwa mtu mwingine. Akakata simu.

Tuliondoka Iringa Jumamosi alfajiri, na mchana tukapanda mlimani. Njiani tulikuwa tumeyapanga maswali upya: kwanza shamba, halafu mbegu, halafu ghala, tumbo la mwisho kabisa. Mwenzangu akakiacha kishikwambi garini akachukua kalamu. Nyumba ya kwanza alikaa karibu saa nzima akimsaidia mwenyeji kupukuchua maharage, na aliporudi garini alikuwa na majibu ambayo hakutaka kunisomea.

Sitawaweka roho juu: kijiji kiliingia kwenye orodha, na mahindi yalifika kabla ya msimu wa kupanda. Lakini nikikumbuka fildi ile siyakumbuki magunia. Ninaikumbuka nyumba ya tatu kutoka kanisani.

Mama alimpokea mwenzangu kwa mikono miwili. Mimi nilipomwamkia aliitikia huku anatazama pembeni. "Umenivua nguo mbele ya watu," akasema. "Kaa hukohuko nje." Nikakaa nje, nyuma ya ukuta wa sebule, kama kanuni za utafiti zilivyotaka na kama mama alivyotaka. Ukuta wetu ni wa tofali mbichi na dirisha halina kioo. Nilisikia kila kitu.

Waliongea habari za shamba. Waliongea habari za mawe yale ya mvua, jinsi yalivyolala chini mpaka jioni. Kisha mwenzangu akashusha sauti.

"Mama, samahani. Jana mlikula mara ngapi?"

Nikafumba macho nikisubiri kusikia mara tatu.

"Mara moja," mama akasema. Hakupunguza sauti hata kidogo. "Viazi, bila chumvi. Na juzi alikula mtoto, mimi sikula. Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Nisomee."

Mwenzangu akamsomea neno kwa neno. Mama akamwambia ameyaruka maneno ya chumvi, ayaandike. Akaandika.

"Haya," mama akasema. "Sasa mwite huyo aliyejificha nyuma ya ukuta, aingie ndani. Amenisemea kwa watu wazima wa Iringa, basi aje anisikie nikijisemea mwenyewe."