Unga wa Jikoni

Kawunga, ugali wetu wa mahindi hapa Kigali, siku hizi hunitia kinyaa. Kosa si la chakula.

Mimi ni muuguzi. Siku ile tulikusanywa kwenye uwanja wa hospitali, wauguzi na madaktari, tufundishwe kumpokea mgonjwa aliyemwagikiwa vumbi la mionzi. Asubuhi nzima mkufunzi alitukaririsha jambo moja: uhai kwanza, vumbi baadaye. Ukiwa na glavu na barakoa, alisema, mgonjwa huyo si hatari kwako kama unavyodhani. Tuliitikia kama watoto wa chekechea, na daktari wetu mkuu akatupita wote kwa sauti.

Mgonjwa wa kuigiza alikuwa karani, ndivyo tunavyowaita hapa wabeba mizigo, kutoka kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Vumbi la mionzi lilikuwa unga wa mahindi. Mkufunzi aliuchota kwenye gunia la jikoni mbele ya macho yetu, akammwagia mpaka kope zikawa nyeupe. Akazungushia machela utepe wa njano, kisha akaenda getini kupokea wageni.

Karani akakohoa. Akakohoa tena, kifua kikaanza kupiga mluzi.

"Mama, pumuzi iko nakosa," aliniambia, maana nilikuwa karibu naye. "Iko pumu. Si mchezo."

"Asiguswe!" daktari akapiga kelele, kavaa glavu juu ya glavu. "Hajapimwa!"

Kipima mionzi hakikuwa na betri. Mtu alikuwa ametumwa kuzitafuta, na wenzangu wote, watu wazima wenye vyeti ukutani, wakarudi nyuma kusubiri. Mmoja alikuwa anampiga picha kwa simu, anasifu jinsi anavyoigiza. Midomo ya karani ilikuwa inageuka rangi.

"Huo ni unga, dokta!" nikamwambia.

"Utaratibu ni utaratibu."

Nilitaka kumtemea mate. Nikaruka utepe, nikamkalisha karani, nikampangusa uso kwa kanga yangu, nikampa dawa ya pumu ya kuvuta kutoka kwenye toroli letu la dharura. Taratibu kifua kikatulia. Nilimshika mkono muda wote.

Mchana mimi na karani tuliketi mezani wawili tu, ingawa tulikuwa tumeshaoga. Kwetu mtu hukupa mkono hata kama mmeonana saa hiyo hiyo. Siku ile wenzangu walitusalimia kwa kichwa tu, kutoka mbali. Daktari akapita na sahani yake, kawunga imejaa pomoni, ya gunia lile lile. Alipotuona akakata kona kwenda meza ya mwisho, akaanza kula kwa raha zake. Nikaisukuma sahani yangu kando.

Karani alimtazama, kisha akanigeukia.

"Mama, na kama ingekuwa mionzi ya kweli?"

"Wangesubiri betri," nikamwambia.