Dakika Sitini za College Park

Mtu mzima na akili zangu timamu niliamini kwamba dakika sitini ni saa moja. Hilo ndilo lililoniponza, na mpaka leo sijajisamehe sawasawa.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwaka wangu wa kwanza Marekani. Jumamosi hiyo nilikuwa na mambo mawili. La kwanza, saa kumi alasiri, nyumbani kwa dada yangu, mji wa Laurel, tulikuwa tumsomee baba khitma ya arobaini. Baba alifariki Mombasa. Habari ilipotufikia alikuwa keshazikwa, nami sikumtilia hata konzi moja ya mchanga. Khitma hiyo ndiyo ingekuwa kumzika kwangu. La pili, mwenzangu wa kazini, Mmarekani mweusi wa makamo aliyejifunza Kiswahili darasani na kukienzi kuliko sisi tuliozaliwa nacho, alikuwa amenikatia tiketi ya kutazama mpira wao pale uwanja wa chuo, College Park.

"Mchezo unaanza saa saba," aliniambia. "Ni wa dakika sitini."

Wetu ni tisini. Nikapiga hesabu: saa nane na nusu tumetoka, saa tisa niko Laurel natandika mikeka. Habari ya khitma sikumwambia. Mtu amekualika kwa furaha yake, utamtwisha vipi msiba wako?

Huo mpira wenyewe, Mungu anisamehe. Kwanza umechongoka huku na huku, na mguu hauugusi ila mara moja moja. Wanaume waliojazwa mito mabegani wanainama, wanasukumana, wanaangukiana, filimbi inalia, kisha wote wanakusanyika kunong'onezana kama wazee wa posa. Na saa kubwa ya uwanjani inasimama. Mimi nilidhani imeharibika.

"Hapana, ndugu yangu," mwenyeji wangu akanieleza kwa fahari. "Mpira ukitoka nje, saa husimama."

Mpira ukimponyoka mdakaji, inasimama. Mtu akiumia, inasimama. Kocha akikumbuka jambo la kuwaambia watu wake, inasimama. Yangu ya mkononi ndiyo iliyokuwa haina simile. Saa nane na nusu hata mapumziko hayajafika, na yalipofika ikaingia bendi ya matarumbeta, ikauzunguka uwanja mzima ikipanga herufi kwa miguu. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa natamani kulia.

Kwetu mgeni hasemi "nataka kuondoka". Anadokeza, na mwenyeji mwenye adabu zake anaelewa. Basi nikadokeza. Nikasema baridi imeanza kuingia; akanifunika blanketi. Nikatazama saa yangu na kuguna. Akaisifu, akauliza nimeinunua wapi. Nikasema Laurel kutoka hapa ni mbali kidogo.

"La, si mbali! Dakika ishirini tu."

Nikasema dada yangu leo ana wageni wengi.

"Vizuri sana! Wageni ni baraka," akajibu, kisha akaruka juu kumshangilia mtu aliyeangukiwa na wenzake sita.

Nilimchukia kwa dakika kadhaa, nakiri. Nilijichukia zaidi mimi. Gari lilikuwa lake, na njia ya basi siijui.

Saa kumi kamili ubao ulionyesha zimebaki dakika nne. Dakika nne hizo, kwa mwendo niliokwisha kuuona, zingekula nusu saa. Hapo nikashindwa.

"Leo ni arobaini ya baba yangu," nilimwambia. "Wananingoja."

Aligeuka, uso wote umemshuka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekwambia tangu saa tisa!"

"Umeniambia kuna baridi!"

Akanishika mkono, tukapita juu ya magoti ya watu mpaka nje, mbio. Gari tukalikuta limezibwa mbele na nyuma, kama yote pale majanini tulipoegesha, na wenye magari hayo walikuwa ndani wanashangilia. Tulisimama tukisikiliza uwanja ukinguruma.

Tulifika Laurel saa kumi na moja na nusu, giza limeshashika. Pale mlangoni pa dada, ambapo viatu vilipaswa kujaa, palikuwa na jozi mbili za kike. Mwenyeji wangu alivua vyake kimya kimya, akabaki nyuma yangu.

"Ndo waja saa hizi?" dada akaniuliza. Macho yamemvimba. "Tumekuwait mpaka magharibi. Watu wana shift zao."

Mkeka wa sebuleni ulikuwa umeshakunjwa. Waliokuja walikuwa wamegawana juzuu thelathini za msahafu, kila mtu na yake, na moja wakaniwekea mimi. Nikaiulizia.

"Yako kaisoma yule wa Lamu, dereva wa teksi," dada akasema. "Na dua kaomba yeye. Ilikuwa uombe wewe."

Nikamwambia alhamdulillahi, la muhimu imesomwa.

"Imesomwa, ndiyo. Ila alipofika pa kumtaja baba, ilibidi anyamaze, aje mlangoni kwetu wanawake kuniuliza marehemu akiitwa nani."